Janet Travell, daktari wa Kennedy aliyetafuta chanzo cha siatiki kwa vidole

Kwenye barabara ya Goma kuelekea Sake, pale Mugunga, watu wengi wanakula kwa nguvu ya mgongo na miguu. Kijana wa chukudu anaweka goti moja juu ya mbao na kusukuma kwa mguu mwingine, ule ule, tangu asubuhi hadi jioni. Mama anabeba bidoni ya maji au gunia la makala mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso. Motari anashinda juu ya pikipiki, na katika mfuko wake wa nyuma kuna pochi iliyojaa karatasi. Chini yao wote ni mawe meusi ya volkano, yasiyomhurumia anayekanyaga wala anayekaa.

Haishangazi basi kwamba lalamiko moja linarudi kila mara: maumivu yanaanzia kwenye kalio, yanashuka nyuma ya paja, na mara nyingine yanafika hadi unyayo. Wengi wanayaita siatiki. Mgonjwa anaambiwa ni mgongo, au ni diski. Mwenye uwezo anapiga radiografi, na picha ikirudi bila kasoro anabaki na maumivu yake bila jibu. Anameza dawa za kutuliza, zinakwisha, maumivu yanarudi. Wengine hata wanaanza kumshuku jirani.

Mwanamke mmoja wa New York alitumia zaidi ya miaka 50 ya maisha yake kutafuta jibu la swali hilo: kwa nini mtu anaumwa mahali ambapo picha haionyeshi kitu? Jina lake ni Janet Travell. Historia ya Marekani inamkumbuka kama mwanamke wa kwanza kuwa daktari binafsi wa rais wa nchi hiyo. Lakini wataalamu wa kinezitherapi, wale tunaozoea kuwaita wakine, wanamkumbuka kwa jambo lingine. Alifundisha kwamba mahali panapouma si lazima pawe mahali ambapo maumivu yameanzia, na kwamba kidole gumba kikitumiwa kwa subira kinaweza kukuta kile ambacho mashine imekipita.

Binti wa daktari

Janet Graeme Travell alizaliwa tarehe 17 Desemba 1901 mjini New York. Baba yake, Willard Travell, alikuwa daktari, na binti akafuata njia ya baba wakati ambapo wanawake katika masomo ya udaktari walikuwa wachache sana. Alisoma kwanza Wellesley, chuo cha wanawake katika jimbo la Massachusetts, kisha akaingia kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Cornell. Alipata shahada yake mwaka 1926.

Miaka miwili iliyofuata alifanya mazoezi ya kazi katika New York Hospital. Wakati huo huo alitumika kama daktari wa ambulansi ya polisi wa mji. Hapo aliwaona watu wa kila aina: walioanguka kazini, waliogongwa barabarani, waliopigwa. Mwaka 1929 aliolewa na John Powell, mtu wa mambo ya fedha, wakapata mabinti wawili. Hata hivyo, katika kazi aliendelea kutumia jina lake la kuzaliwa.

Mwanzoni hakujishughulisha na misuli. Utafiti wake wa kwanza ulihusu dawa ya moyo iitwayo dijitali na matumizi yake kwa wagonjwa wa nimonia. Baadaye alirudi Cornell kufundisha elimu ya dawa. Kazi hiyo ilimpa tabia aliyobaki nayo hadi uzeeni: kupima, kuandika, na kulinganisha hali ya mgonjwa kabla na baada ya matibabu.

Wagonjwa wa mapafu waliolia mabega

Mabadiliko yalikuja alipokuwa anahudumia wagonjwa wa moyo na wa mapafu katika hospitali za New York. Aliona jambo lililomsumbua. Watu waliolazwa kwa ugonjwa mzito walilalamika kuhusu mabega na mikono kuliko kuhusu ugonjwa uliowaleta hospitalini. Picha za mifupa yao hazikuonyesha kitu. Madaktari wengi walisema ni mishipa ya fahamu, au ni mawazo tu.

Travell mwenyewe aliwahi kuteswa na maumivu ya bega na mkono. Alipojibonyeza, alikuta sehemu ndogo ndani ya msuli ambazo, zikiguswa, ziliamsha maumivu yale yale mahali pengine kabisa. Akaanza kuwachunguza wagonjwa wake kwa njia hiyo. Alipitisha vidole juu ya msuli polepole mpaka akakuta ukanda uliokaza kama kamba, na ndani yake mahali padogo panapouma kuliko pengine. Akibonyeza hapo, mgonjwa alishtuka na kutambua kwamba hayo ndiyo maumivu yake. Ila hayakuwa chini ya kidole cha daktari. Bega lilibonyezwa, mkono ukauma.

Sehemu hizo, ambazo kwa Kiswahili tunaweza kuziita vifundo vya misuli, zikawa kazi ya maisha yake. Mwaka 1942, pamoja na daktari wa moyo Seymour Rinzler na mwenzao mwingine, alichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani maelezo ya namna ya kutibu maumivu ya bega na mkono kwa kudunga ndani ya kifundo dawa ya ganzi iitwayo prokaini. Mwaka 1952 yeye na Rinzler walitoa michoro ya mwili ikionyesha, msuli baada ya msuli, kifundo kinakaa wapi na maumivu yake yanakimbilia wapi. Hadi leo michoro ya aina hiyo inatundikwa kwenye kuta za vyumba vya kinezitherapi katika nchi nyingi.

Wakati diski ilipobeba lawama zote

Ili kuelewa kwa nini kazi hiyo ilikuwa ngumu kupokelewa, inafaa kukumbuka hali ya udaktari wa wakati ule. Siatiki ni jina la zamani. Daktari Domenico Cotugno wa Napoli, Italia, aliandika juu yake tangu mwaka 1764 na kuitenga na maumivu ya nyonga. Lakini chanzo kilibaki kinabishaniwa.

Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, William Mixter na Joseph Barr, walionyesha kwamba diski iliyo kati ya pingili za uti wa mgongo inaweza kupasuka na kubana mzizi wa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli na uliwasaidia wengi. Ila ulikuwa na matokeo mengine. Kwa miaka mingi baadaye, kila maumivu ya kalio na mguu yalipelekwa kwenye diski, na wagonjwa wengi walifikishwa kwenye kisu cha upasuaji.

Wachache walikuwa wanaangalia pengine. Tangu mwaka 1928 daktari Mwingereza Yeoman alikwisha kuhusisha siatiki na msuli mmoja mdogo uliofichika ndani ya kalio, pirifomisi. Lakini sauti zao zilikuwa ndogo. Travell aliingia katika mabishano hayo akiwa mwanamke, bila kuwa daktari wa upasuaji, na akidai kwamba jibu linapatikana kwa kupapasa.

Seneta aliyekuja na magongo

Mwaka 1955 mgonjwa mmoja kijana aliletwa kwenye ofisi yake mjini New York. Alikuwa anatembea kwa magongo, na ngazi chache za kushukia mlangoni zilimshinda. Huyo alikuwa John Fitzgerald Kennedy, seneta wa Massachusetts.

Kennedy alikuwa amekwisha kupitia kisu. Alipasuliwa mgongo mwaka 1944. Oktoba 1954 akapasuliwa tena New York, akapata maambukizo mabaya hadi padri akaitwa kumpa sakramenti ya wagonjwa. Februari 1955 walifungua tena kuondoa kipande cha chuma kilichowekwa ndani. Baada ya yote hayo, maumivu yalikuwa bado yapo.

Travell hakuanza na kisu. Alimpapasa misuli ya kiuno na mgongo, akakuta vifundo, akavidunga prokaini. Kisha akamtazama anavyosimama na anavyokaa. Aligundua kwamba upande wa kushoto wa mwili wa Kennedy ulikuwa mdogo kidogo kuliko wa kulia, na mguu wa kushoto ulikuwa mfupi. Kila alipopiga hatua, misuli ya kiuno na makalio ililazimika kuvuta ili kusawazisha mwili. Dawa yake kwa tatizo hilo ilikuwa nyepesi: kipande chembamba ndani ya kiatu, chini ya kisigino.

Katika ofisi yake kulikuwa pia na kiti cha kubembea. Kennedy alikikalia akasikia nafuu, kwa sababu kiti cha namna hiyo hakiuachi msuli ukae umekaza mahali pamoja muda mrefu. Akanunua cha kwake. Kiti hicho baadaye kilipigwa picha mara nyingi katika ofisi ya rais, hata kikawa kama alama yake. Watu wengi waliokiona waliona ni pambo la nyumba, kumbe kilitoka kwa daktari.

Mwaka wa Lumumba, White House ikapata daktari mwanamke

Kwa Wakongomani, Januari 1961 ni mwezi wa huzuni. Tarehe 17 Patrice Lumumba aliuawa Katanga. Siku tatu baadaye Kennedy aliapishwa huko Washington. Habari za kifo cha Lumumba zilipotangazwa Februari, Kennedy alipigwa picha akizipokea kwa simu, mkono ukiwa usoni. Ni rais huyo huyo aliyempokea waziri mkuu Cyrille Adoula mwaka 1962 na Jenerali Mobutu mwaka 1963.

Mwezi ule ule wa kuapishwa, Kennedy alimteua Travell kuwa daktari wake binafsi. Alikuwa na umri wa miaka 59. Hakuna mwanamke aliyewahi kushika kazi hiyo. Magazeti yaliandika sana juu yake, na ghafla taifa zima likajua kwamba kuna daktari anayetibu mgongo bila kupasua.

Lakini cheo hicho kilimweka pia mbele ya macho ya wapinzani, na hapo ndipo maisha yake yanapotoa funzo ambalo wasifu wa kusifu tu ungelificha.

Sindano au mazoezi?

Mei 1961, akiwa ziarani Ottawa, Kanada, Kennedy alishika koleo kupanda mti wa kumbukumbu. Mgongo ukamshika palepale. Alirudi kwenye magongo, na sindano za prokaini zikaongezeka. Kila zilipoisha nguvu, maumivu yalirudi. Madaktari wengine waliomzunguka rais, akiwemo Admirali George Burkley, waliingiwa na wasiwasi. Waliona rais anategemea sindano, wakati misuli yake inazidi kulegea.

Mwishoni mwa mwaka huo aliitwa Hans Kraus, daktari aliyezaliwa Trieste na aliyekuwa pia mpanda milima hodari. Kraus alikuwa na imani tofauti: msuli dhaifu hautapona kwa kudungwa tu, lazima ufundishwe upya kujinyosha na kubeba. Akampa Kennedy mazoezi, mara kadhaa kwa juma, chini ya uangalizi wake. Miezi michache baadaye rais alikuwa na nguvu zaidi kuliko alivyokuwa kwa miaka mingi.

Travell alibaki na cheo chake, lakini mgongo wa rais haukuwa tena mikononi mwake. Ilikuwa pigo kwa mtu aliyejenga jina lake juu ya mgonjwa huyo. Hata hivyo, wawili hao hawakuwa mbali kama mabishano yalivyoonyesha. Kraus naye aliamini kwamba chanzo kipo katika misuli. Tena, mbinu ya kupuliza dawa ya baridi juu ya ngozi na kuunyosha msuli, ambayo Travell aliieneza sana, Kraus aliwahi kuitumia kabla yake. Tofauti ilikuwa juu ya kinachofuata baada ya maumivu kupungua.

Baada ya Kennedy kuuawa Novemba 1963, Travell aliendelea White House chini ya Rais Lyndon Johnson hadi 1965. Kisha alirudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha George Washington. Mwaka 1968 alitoa kitabu cha maisha yake. Alikuwa amekaribia miaka 67, umri ambao wengi wanapumzika. Kazi yake kubwa kuliko zote ilikuwa bado.

Kitabu cha uzeeni

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa mtu wa ajabu. David Simons alikuwa daktari wa jeshi la anga la Marekani, na mwezi Agosti 1957 alipanda kwa puto hadi zaidi ya kilomita 30 angani. Alimsikia Travell akifundisha, akavutiwa, na baadaye akaacha mambo ya anga ili kusoma misuli.

Pamoja waliandika kitabu cha mikono miwili. Sehemu ya kwanza, juu ya kichwa, shingo, mabega na mikono, ilitoka mwaka 1983. Travell alikuwa na miaka 81. Sehemu ya pili, juu ya kiuno, makalio na miguu, ilitoka mwaka 1992, akiwa na miaka 90. Ni hii ya pili inayomgusa kijana wa chukudu na mama wa bidoni.

Ndani yake kuna sura juu ya msuli mdogo kuliko yote ya kalio, uliokaa chini ya mingine, upande wa nyonga. Waandishi walieleza kwamba vifundo vyake vinatuma maumivu hadi kwenye kifundo cha mguu, kiasi kwamba wakauita siatiki ya uongo. Sura nyingine inahusu pirifomisi. Msuli huu unatoka kwenye mfupa ulio mwisho wa uti wa mgongo, unapita katikati ya kalio na kujishikiza juu ya mfupa wa paja, pembeni ya nyonga. Chini yake unapita mshipa wa siatiki, ulio mkubwa kuliko mishipa yote ya fahamu mwilini, mnene karibu kama kidole. Kwa watu wachache mshipa huo, au tawi lake, unapita hata katikati ya msuli wenyewe.

Kwa hiyo pirifomisi inaweza kutesa kwa njia mbili: kwa vifundo vyake yenyewe, na kwa kubana mshipa ulio jirani yake. Travell na Simons waliipa jina la shetani wa pande mbili. Inaweza kukasirishwa na kukaa muda mrefu, kuanguka kwa kalio, kuinua mzigo huku mwili umejipinda, au kusukuma kwa mguu mmoja siku nzima.

Mikono inafanya nini

Sindano ya Travell ndiyo iliyopata sifa, lakini kitabu chake kinaipa mikono nafasi kubwa. Kwanza ni kuuliza na kutazama: mgonjwa anakaaje, anabebaje, anavaa viatu gani, miguu yake ina urefu sawa? Madaktari wa Marekani walikuwa wamekwisha kuandika tangu miaka ya 1970 juu ya wanaume walioumwa kalio kwa sababu ya kukalia pochi nene. Kutoa pochi mfukoni ilikuwa sehemu ya dawa.

Halafu ni kupapasa. Mgonjwa analala kwa ubavu usiouma, mguu unaouma ukiwa juu, goti limekunjwa na kuelekezwa mbele. Mkine anatafuta ukingo wa mfupa wa mwisho wa mgongo, kisha mfupa unaojitokeza pembeni ya nyonga. Pirifomisi inakaa takriban kwenye mstari kati ya mifupa hiyo. Anabonyeza polepole kwa kidole gumba, bila kuvamia, mpaka mgonjwa aseme kwamba hayo ndiyo maumivu anayoyajua. Anashikilia hapo kwa kiasi kinachovumilika, nusu dakika hivi au zaidi kidogo, mpaka msuli uanze kulegea chini ya kidole. Ganzi au umeme ukitembea mguuni, anaacha mara moja, kwa kuwa huenda amebonyeza mshipa wenyewe.

Baada ya kubonyeza kunafuata kunyosha. Mgonjwa analala chali, anaweka kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine, na kuvuta paja taratibu kuelekea kifuani. Kitambaa chenye maji ya moto kinasaidia msuli kulegea. Nyumbani anaweza kujibonyeza mwenyewe kwa mpira mdogo, akiegemea ukuta. Kisha yanakuja mazoezi ya kuimarisha makalio na tumbo, jambo ambalo Kraus angelisisitiza. Kukanda peke yake, bila kubadili namna ya kukaa na kubeba, kunaleta nafuu ya siku chache tu.

Mabishano hayajaisha

Si wote walioridhika na mafundisho ya Travell. Utafiti umeonyesha kwamba wachunguzi wawili wakimpapasa mgonjwa mmoja, mara nyingi hawakubaliani kifundo kiko wapi. Mwaka 2015 watafiti Quintner, Bove na Cohen waliandika kwamba nadharia ya vifundo haijathibitishwa, na kwamba huenda maumivu hayo yanatoka kwenye mishipa ya fahamu. Wengine wanajibu kwamba wagonjwa wanapata nafuu, hata kama maelezo ya sababu bado hayajakamilika.

Kuna jambo moja ambalo pande zote mbili hazikatai: si kila siatiki ni diski, na si kila siatiki ni msuli. Ndiyo maana kumgusa na kumsikiliza mgonjwa kunakuja kwanza, halafu picha, na kisu mwisho.

Kutoka New York hadi Mugunga

Mugunga imejua mizigo kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 1994 kambi yake ilikuwa mojawapo ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Baadaye wakaja wahami wa vita, wimbi baada ya wimbi, kila familia na godoro lake, sufuria zake na mtoto mgongoni. Wengine walitembea kilomita nyingi, wakalala juu ya mawe, kisha wakarudi barabarani. Miili hiyo haiwezi kukosa maumivu.

Huduma ya mikono haihitaji umeme wala mashine, na hapo ndipo urithi wa Travell unapopata maana kwa mji kama Goma. Kwa miaka mingi kinezitherapi imetolewa katika hospitali ya HEAL Africa na katika kituo cha watu wenye ulemavu cha Shirika la Umoja. Wapo pia wanaokanda na kuunga mifupa mitaani, ambao baadhi yao wana mikono mizuri. Ila mkono mzuri unapaswa kujua pia wakati wa kuacha.

Dalili hizi hazikandwi, zinapelekwa kwa daktari bila kuchelewa: kushindwa kuzuia mkojo au choo, au kushindwa kukojoa; ganzi kati ya mapaja; mguu unaopoteza nguvu au unyayo unaoburuzika; homa, kukonda au kikohozi cha muda mrefu pamoja na maumivu ya mgongo, kwa sababu kifua kikuu kinaweza kushambulia uti wa mgongo; na maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya au kugongwa.

Tahadhari nyingine inahusu sindano. Travell aliijua sindano yake na mahali inapoingia. Lakini sindano ya kalio inayopigwa vibaya inaweza kuumiza mshipa wa siatiki wenyewe, na katika nchi nyingi za Afrika watoto wamebaki na mguu mlegevu kwa sababu hiyo. Anayeumwa kalio hapaswi kukubali sindano kutoka kwa mtu asiyejulikana alikojifunza.

Kuna mambo yasiyogharimu kitu. Kijana wa chukudu anaweza kubadilisha goti na mguu wa kusukumia kila baada ya safari. Motari anaweza kuhamisha pochi mfuko wa mbele, na kushuka kutembea kidogo wakati anasubiri mteja. Mama anaweza kugawa mzigo mara mbili pale umbali unaporuhusu, na kuinua bidoni kwa kukunja magoti bila kujipinda kiuno. Anayekaa siku nzima nyuma ya meza ya soko anaweza kutafuta kiti kinachozidi kimo cha jiwe.

Janet Travell aliendelea kufundisha na kuandika hata alipopita miaka 90. Alifariki tarehe 1 Agosti 1997 huko Northampton, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 95. Simons aliendeleza kazi yao hadi kifo chake mwaka 2010. Leo, mkine yeyote anayemwambia mgonjwa alale kwa ubavu, akunje goti, na aonyeshe kwa kidole kimoja mahali maumivu yanapoanzia, anafuata njia aliyoifungua binti huyo wa daktari wa New York.